Meza Moja na Mkwe

Eustadia Nijimbere hakuwahi kujifanya hajui kazi yake. Wapo watu ukiwasifu huinamisha macho na kusema ni Mungu tu, ni Mungu tu. Yeye ukimsifu hukujibu, "Ni kweli," kisha huendelea kukunja shuka. Wahudumu wenzake pale makao ya wazee ya Cheyo, ambayo watu wa Tabora wanayaita Kwa Masista, walimcheka kwa hilo, lakini mzee akigoma kunywa dawa au kuvaa nguo, ni yeye waliyemwita. Alikuja, akakaa naye, na mara nyingi mzee akanywa dawa.

Kazi hiyo hakufundishwa darasani. Alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Alipofika umri wa kuolewa, baba yake, mzee Leopoldi, akaanguka katikati ya shamba la tumbaku na upande mmoja wa mwili ukafa. Ndugu walikuja, wakasikitika, wakala, wakaondoka. Eustadia akabaki. Miaka sita alimgeuza baba yake kitandani, akamlisha, akamnyoa ndevu, na katika miaka hiyo akang'amua kwamba mzee hakuwa akilia kwa maumivu. Alilia saa kumi na moja alfajiri tu, saa ambayo maisha yake yote alikuwa akishika jembe. Siku binti yake alipoanza kumtoa nje saa hiyo na kumwekea jembe mapajani, kilio kikakoma. Majirani waliona kichekesho, lakini baba yake alilishika jembe lile mpaka jua lilipopanda.

Kutoka hapo akapata swali lake. Kila mzee aliyeingia Kwa Masista, Eustadia alimwacha apumzike siku mbili tatu, kisha akamkalia karibu na kumuuliza, "Ukiwa kwako, saa hii ungekuwa unafanya nini?" Jibu alilopewa ndilo alilolifanyia kazi. Kwa swali hilo mzee Issa, mrina asali wa miaka yote, alikabidhiwa kazi ya kuwasha na kuulinda moto wa jikoni, na hakuna aliyethubutu kusogeza kuni bila ruhusa yake. Kwa swali hilo bibi mmoja wa Ujiji alipewa ungo wa mchele kila asubuhi. Godbless, mpishi, alilalamika kwamba mchele ule ulikuwa umeshachambuliwa mara nne na sasa ulikuwa msafi kuliko yeye, lakini aliupeleka.

Sista Josepha, msimamizi wa makao, alikuwa muuguzi wa zamani, mtu wa vipimo. Alimpenda Eustadia kwa sababu wazee waliokuwa mikononi mwake hawakupungua uzito. Kwa Sista, mapenzi ya Mungu yangeweza kuonekana kwenye mizani.

Basi mwezi Januari akaletwa mzee Yoramu, mtu wa Nzega, umri miaka sabini na moja, aliyestaafu kazi ya kukagua reli. Alikuwa mpole, mrefu, anayesalimu kila mtu na kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Mwezi Juni akaletwa Bibi Nyamizi kutoka Puge, miaka themanini na saba, mdogo wa umbo, mkali wa macho. Wote wawili waliletwa na kijana mmoja, Emilian, mwenye duka la vipuri Mwanza. Yoramu ni baba yake mzazi. Nyamizi ni mama wa mama yake, marehemu Suzana, aliyefariki Emilian akiwa na miaka minne. Kijana mwenyewe alilelewa na shangazi huko Mwanza, mjini kabisa, na aliposimama getini akikabidhi mzigo wa bibi yake alisema kwa furaha, "Nimeona wakae pamoja, dada. Wataliwazana."

Eustadia naye alifurahi. Wazee wengi pale hawakuwa na mtu hata mmoja wa damu yao, na hawa walikuwa familia. Hapo ndipo akafanya kosa, tena kwa kujiamini kwake kote. Hakumuuliza Bibi Nyamizi swali lake. Aliona halina haja. Alimshika mkono siku ya kwanza, akampeleka bwaloni, akavuta kiti na kumketisha ana kwa ana na mkwewe kwenye meza ndogo ya dirishani, meza iliyokuwa na mwanga mzuri kuliko zote.

"Bibi, nimekuwekea na mtu wako," akasema.

Bibi Nyamizi alivuta khanga ikafunika upande wa uso, akageukia ukutani. Mzee Yoramu alishusha macho kwenye sahani na hakuyainua tena. Eustadia alidhani ni hisia za kuonana baada ya miaka mingi, akaondoka kuwapa nafasi.

Sahani ya Bibi ilirudi jikoni ugali haujaguswa. Ikarudi hivyo jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Mara moja moja alikubali kikombe cha uji chumbani, basi. Godbless akapika mboga ya mgagani kwa karanga, akatafuta maziwa ya mgando, akaagiza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mtu aliyekuwa akitoka Puge, na Bibi aliposikia harufu ya michembe ya kwao macho yakamlowa, lakini mezani hakula. Cha ajabu ni kwamba hakukataa kwenda mezani. Kengele ikigongwa alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Anakwenda, anaketi wima mbele ya mkwewe, anageukia ukuta, anangoja mpaka Yoramu amalize vijiko vyake vichache vya haraka na kukimbia, kisha naye anarudi chumbani na njaa yake.

Daktari akaja, akapima damu, akagonga kifua, akasema hana ugonjwa. Mizani ikasema kilo arobaini na nne, wiki iliyofuata arobaini na mbili, iliyofuata arobaini na moja. Sista Josepha akamwita Eustadia ofisini.

"Jumatatu tunampima tena," akasema. "Akiwa chini ya arobaini anahamia chumba cha uangalizi. Siwezi kumwacha afe njaa ndani ya nyumba yangu."

Chumba cha uangalizi kilikuwa mwisho wa korido. Huko mtu alilishwa kwa bomba la sindano, amelala, kwa saa zilizopangwa, na katika miaka yake kumi na moja ya kazi Eustadia alikuwa hajaona mtu aliyeingia mle akarudi kula bwaloni. Bibi Nyamizi naye alikuwa na habari. Wazee wana masikio ya kwao kwa mambo kama hayo. Jioni hiyo ya Jumanne alimwambia Eustadia, bila kugeuza uso, "Nasikia mnataka kunilisha kama ndama."

Eustadia akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Mtu anayejiamini ana faida moja, kwamba akishagundua amepotea njia hapotezi muda kuona haya. Akajiuliza ni nini ambacho amewafanyia wengine wote na huyu hakumfanyia, na jibu likaja mara moja.

"Bibi," akasema, "ukiwa kwako Puge, saa hii ya chakula, ungekuwa unafanya nini?"

Bibi Nyamizi aliendelea kuutazama ukuta.

"Ningekuwa jikoni," akasema. "Na yeye angekuwa barazani na wanaume. Na kati yetu kungekuwa na ukuta."

Eustadia alihisi joto likimpanda usoni. Alimkumbuka bibi yake mwenyewe kule Ulyankulu, wakati wa hema la kwanza, watu kumi chini ya turubai moja. Kila mume wa shangazi alipoingia, bibi yule alijifunika khanga kichwa kizima na kula humo humo ndani. Watoto walicheka wakidhani anaogopa inzi. Walikua hivyo, hawajui kwamba mama mkwe na mkwe hawali wakitazamana, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kujificha. Walichokirithi ni kicheko tu. Na sasa yeye, aliyezaliwa na watu wenye desturi ile ile, amemketisha bibi wa watu wiki hizi zote uso kwa uso na mkwewe, kwenye mwanga mzuri kuliko wote. Aliona aibu kweli kweli.

"Nimekukosea, Bibi. Unisamehe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mtu mzima hasemi jambo kama hilo. Linaonekana."

"Basi kesho namhamisha. Atakula upande wa mzee Issa, hutamwona."

"Usimhamishe," Bibi akasema haraka, na kwa mara ya kwanza akageuza uso. "Mimi sijasema umhamishe."

"Lakini huli, Bibi. Mbele yake huli."

"Sili. Lakini usimhamishe."

Eustadia alilala na fumbo hilo na kuamka nalo, na asubuhi akaamua kwamba kama Bibi anataka mkwe awepo na ukuta uwepo, basi dawa ni kujenga ukuta. Akachukua shuka la bluu, akamwomba Godbless apande juu ya kiti, na wakalifunga kwenye boriti ya bwalo likashuka mpaka katikati ya meza ya dirishani.

Sista Josepha alipoliona alisimama. "Hiki ni nini? Wageni wakija watasema tumegawa wodi."

"Sista, ulinipa mpaka Jumatatu," Eustadia akajibu. "Leo Jumatano. Niachie pazia langu, Jumatatu uje na mizani yako."

Sista aliikunja midomo, akaitazama saa ya ukutani kana kwamba Jumatatu imeandikwa humo, akaondoka. Mzee Issa naye alipita na fimbo yake, akalitazama shuka kutoka juu hadi chini. "Alhamdulillah," akasema, "hatimaye masista wamejenga msikiti." Bwalo zima likacheka, na nyuma ya shuka, upande wa Bibi, kikasikika kijiko kikigusa sahani.

Alikula. Hakula sana, nusu ya ugali na mboga kidogo, lakini alikula. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na ukuta, mazungumzo yakawezekana, kwa kanuni zake. Bibi hakumsemesha mkwewe, wala hakumtaja jina. Jina la mkwe halikuwa limepita mdomoni mwake tangu siku ya harusi. Alimwita baba Emilian, na alisema naye kupitia kwa Eustadia, aliyesimama kwenye kichwa cha meza, mguu mmoja kila upande wa pazia.

"Mwambie baba Emilian chumvi iko huku."

"Mzee Yoramu, Bibi anasema chumvi iko huku kwake."

"Mwambie mama nashukuru, ya leo imekolea."

"Bibi, anashukuru, anasema imekolea."

Wote watatu walisikia kila neno mara mbili, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Godbless, ambaye ilibidi atoke nje kucheka. Eustadia aliifanya kazi hiyo kwa sura kavu ya karani wa mahakama. Alianza hata kuipenda.

Ila Ijumaa sahani bado ilirudi nusu. Jumamosi ikarudi nusu tena. Alimpima Bibi kwa siri kwenye mizani ya stoo ya chakula: kilo arobaini nukta mbili, na uzito ulikuwa unaendelea kushuka. Ukuta ulikuwa umefungua mlango lakini kuna kitu kingine kilikuwa kimekaa njiani. Mchana huo wakiwa wawili kivulini wanamenya karanga, Eustadia akamuuliza waziwazi kwa nini anamtaka mkwewe awe karibu ikiwa karibu yake chakula hakishuki.

Bibi Nyamizi aliendelea kumenya. Alipojibu, alikuwa kama anazisemesha karanga.

"Suzana alifia Uvinza. Mumewe alikuwa kazini huko, relini. Mwaka ule mvua ilivunja reli, treni haikwenda siku tisa. Nilifika kaburi limeshakauka. Kaka yangu ndiye aliyestahili kumhoji mkwe, akamhoji, akaniletea maneno matatu tu: alikufa kwa homa. Mimi ni mama, maneno matatu hayanitoshi. Nilitaka kujua nani alimwosha mwanangu. Uvinza hakuwa na ndugu hata mmoja. Nani alimshika?" Akapuliza maganda. "Lakini mkwe hahojiwi na mama mkwe. Nikimhoji nimemshitaki. Na yeye baada ya msiba hakukanyaga tena Puge. Kaka alikufa. Miaka thelathini na tano. Sasa kila siku nakaa hatua moja kutoka kwa mtu pekee anayejua, na swali liko hapa." Akagusa koo. "Ugali utapitia wapi?"

Eustadia aliweka chini bakuli lake. Machozi yalikuwa karibu, akayarudisha, maana aliona si yake ya kulia kwanza.

"Hamruhusiwi kusemeshana," akasema. "Mimi naruhusiwa. Kesho niulize mimi, nami nitamuuliza yeye."

"Akikasirika?"

"Akikasirika atanikasirikia mimi. Mimi ni mtu wa Ulyankulu, nimeshakasirikiwa na watu wengi."

Jumapili baada ya misa walipika wali na nyama ya kuku, na bwalo lilijaa kelele. Eustadia alisimama mahali pake. Alimwona Bibi ameshika kijiko bila kukitumia, khanga imekaza kichwani. Alimwona Yoramu upande wa pili, ameinama, anatenga mifupa pembeni ya sahani kwa uangalifu.

"Eustadia," Bibi akasema, sauti yake ndogo lakini haikutetemeka, "muulize baba Emilian, nani alimwosha mwanangu."

Mzee Yoramu alikuwa amesikia. Kijiko chake kilisimama hewani. Lakini alingoja, kama inavyopasa, mpaka afikishiwe.

"Mzee," Eustadia akasema, "Bibi anauliza nani alimwosha Suzana."

Yoramu alikirudisha kijiko kwenye sahani, na Eustadia akadhani ameharibu kila kitu. Kisha mzee yule akaanza, anaisemesha sahani.

"Mwambie mama, walikuja wanawake watatu wa kambi ya reli. Walikuwa wema, ila hawakumjua. Nilikuwa mlangoni, nikawasikia wakimgeuza kwa bega la kushoto, wanalivuta. Na bega lile… Mama anajua bega lile."

"Liliteguka akiwa na miaka saba," Bibi akajisemea taratibu. "Alianguka kwenye mkokoteni."

"Hakuwahi kulilalia. Usiku nilikuwa namsaidia kugeuka. Basi sikuweza kuvumilia. Niliingia, nikawaomba watoke, nikamwosha mimi. Mwanamume. Najua haifanywi. Nilimwosha nikianzia bega hilo, polepole, nikamvisha gauni lake la kijani. Kaka yake mama aliponihoji niliona aibu, nikasema homa. Ndiyo maana sikuja Puge. Ningewatazamaje watu, na mimi nimefanya kazi ya wanawake juu ya binti yao? Mwambie mama anisamehe."

Sasa ilikuwa zamu ya Eustadia. Alifungua kinywa ili afikishe, neno kwa neno, kama alivyofanya kwa chumvi. Sauti haikutoka. Miaka sita alimwosha baba yake kwa mikono hii, na hakuwahi kusikia mtu akilisema jambo hilo waziwazi namna ile. Alijaribu tena. Machozi yakamtangulia.

"Acha, mwanangu," Bibi Nyamizi akasema. "Nimesikia."

Aliweka kijiko chini. Aliinyoosha mikono yake midogo juu ya meza, akakaa hivyo kidogo, akipumua. Kisha akaelekeza uso kwenye shuka la bluu, moja kwa moja.

"Asante, Yoramu."

Nyuma ya pazia mzee Yoramu alijifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na mezani kwa mzee Issa watu wakanyamaza bila kujua kwa nini. Eustadia alijifuta kwa upindo wa aproni. Moyo wake ulikuwa umejaa, na akili yake ikamwambia kwamba sasa yamekwisha, ukuta hauna kazi tena, wazee hawa wawili wanastahili kutazamana. Akainua mkono, akashika fundo la shuka kwenye boriti, akaanza kulifungua.

"Unafanya nini?" Bibi Nyamizi akauliza.

"Naliondoa, Bibi."

"Nani kakwambia uliondoe? Mkwe ni mkwe." Alikuwa ameshavuta sahani yake karibu na kuchukua paja la kuku. "Lifunge vizuri. Na umwambie baba Emilian aache kulia, ale, wali unapoa."

Eustadia akalifunga tena fundo, akalikaza. Kisha akageukia upande wa pili na kufikisha ujumbe.